Nani Huandika Ajali? Taarifa za Uchunguzi wa Ajali za Ndege na Ushahidi wa Wakazi: Insha ya Kihistoria kutoka Morogoro na Milima ya Uluguru

Ikisiri

Insha hii inachunguza namna ajali za ndege, hasa ndege ndogo, zilivyoripotiwa katika Afrika Mashariki tangu Vita vya Kwanza vya Dunia hadi leo. Mkoa wa Morogoro na Milima ya Uluguru ndio mahali pa kuanzia na pa kurejea. Hoja kuu ni kwamba taarifa ya uchunguzi haiishii katika kueleza sababu za kiufundi, kwa kuwa pia huamua ni nani anayehesabiwa kuwa shahidi, ni nani anayehesabiwa kuwa mhanga, na ni nini kitakachobaki katika kumbukumbu ya umma. Insha inapitia vipindi vitatu: taarifa ya kijeshi ya miaka ya 1914 hadi 1917, taarifa ya kiutawala ya enzi za ukoloni, na taarifa ya kitaalamu inayoongozwa na Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago. Mifano ya Ndola (1961), Bukoba (2022) na Mikumi (2023) inatumika kuonesha kuwa mkazi wa eneo la ajali mara nyingi ndiye shahidi wa kwanza na mwokoaji wa kwanza, ilhali nafasi yake katika maandishi rasmi imekuwa finyu. Insha inahitimisha kwa mapendekezo kuhusu utunzaji wa ushahidi wa vijijini na uwekaji wazi wa taarifa za mwisho.

1.0 Utangulizi

Ajali ya ndege huandikwa mara nyingi. Huandikwa kwanza katika simu au ujumbe wa aliyeiona, kisha katika kitabu cha matukio cha polisi, kisha katika magazeti, na mwishoni, pengine baada ya miezi au miaka, katika taarifa ya wachunguzi. Maandishi haya hayana lengo moja. Polisi hutafuta kosa la jinai. Mwandishi wa habari hutafuta idadi ya waliokufa na majina yao. Mchunguzi wa ajali, kwa mujibu wa kanuni za kimataifa, hatafuti mkosaji hata kidogo, bali hutafuta njia ya kuzuia ajali nyingine. Jamaa wa marehemu anatafuta yote hayo kwa pamoja, na mara nyingi hakuna hati hata moja kati ya hizo inayomjibu kikamilifu.

Mwanahistoria anayekusanya maandishi hayo hukutana na swali lililo gumu kuliko lile la sababu ya ajali: ni nani mwenye mamlaka ya kueleza kilichotokea? Insha hii inalijadili swali hilo. Inatumia taarifa za umma zilizochapishwa na matukio yanayofahamika, nayo haikusudii kumtwisha lawama rubani, kampuni wala taasisi yoyote. Kinachochunguzwa ni uripoti wenyewe: umbo lake, lugha yake na mipaka yake.

Morogoro inafaa kuwa mahali pa kuanzia kwa sababu mbili. Kwanza ni jiografia yake, ambayo inaeleza kwa nini ndege ndogo na milima havipatani. Pili, mkoa huu umebeba kumbukumbu nzito ya ajali katika historia ya taifa. Tarehe 12 Aprili 1984, Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alifariki katika ajali ya gari mkoani humo, akiwa safarini kutoka Dodoma kwenda Dar es Salaam. Ajali hiyo haikuwa ya ndege, na maelezo rasmi yalikuwa bayana kwamba magari yaligongana. Hata hivyo, miaka mingi baadaye maswali yameendelea kuulizwa katika mazungumzo ya watu. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo haithibitishi uvumi wowote, lakini inaeleza vyema hali ya jamii ambayo imepewa tangazo na bado inatamani maelezo.

2.0 Mlima, Wingu na Ndege Ndogo

Milima ya Uluguru ni sehemu ya Safu ya Milima ya Tao la Mashariki. Mji wa Morogoro uko chini yake, upande wa kaskazini, katika mwinuko wa takribani mita 500 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo ardhi hupanda kwa ghafla hadi vilele vya Lupanga na Bondwa vilivyozidi mita 2,000, na kusini zaidi hadi Kimhandu, kilele kinachozidi mita 2,600. Minara ya mawasiliano iliyo juu ya Bondwa huonekana kutoka mjini siku ya anga safi na hupotea kabisa siku ya mawingu. Mkazi wa Morogoro hahitaji kufundishwa hali ya hewa ya mlima. Huisoma kila asubuhi kwa kutazama kama Bondwa ipo au haipo.

Sababu ya mawingu hayo inajulikana. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi husafiri juu ya nchi tambarare ya Pwani bila kizuizi, na Uluguru ni miongoni mwa kuta kubwa za kwanza kuukabili. Upepo hulazimika kupanda, hupoa, na unyevu wake hugeuka wingu na mvua. Ndiyo maana miteremko ya mashariki hupata mvua nyingi kuliko upande wa magharibi, na ndiyo maana mito inayoulisha Ruvu, chanzo kikuu cha maji ya Dar es Salaam, huanzia huko. Kile ambacho ni neema kwa mkulima na kwa mnywaji wa maji wa jijini ni hatari kwa rubani.

Ndege ndogo nyingi huruka kwa kanuni za kuona, yaani rubani huongoza kwa kutazama ardhi na upeo wa macho. Wingu likishuka na ardhi ikapanda, nafasi iliyobaki kati yake hupungua. Rubani anaweza kupanda juu ya wingu, anaweza kurudi alikotoka, au anaweza kuendelea akitumaini kuwa mbele kuna uwazi. Ajali inayotokana na uamuzi huo wa tatu ina sura inayofanana duniani kote: ndege nzima, isiyo na hitilafu, inagonga mlima ikiwa bado inatii mikono ya rubani wake.

Afrika Mashariki inaijua sura hiyo. Tarehe 18 Mei 1955, ndege ya abiria aina ya DC-3 ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam kwenda Nairobi, iligonga Mlima Kilimanjaro na watu wote 20 waliokuwamo wakafa. Tarehe 5 Juni 2018, ndege ndogo aina ya Cessna Caravan iliyotoka Kitale kwenda Nairobi ilipotea katika Milima ya Aberdare nchini Kenya. Mabaki yake yalipatikana siku mbili baadaye na watu wote 10 walikuwa wamekufa. Kati ya matukio hayo mawili imepita miaka 63. Rada, simu za mkononi na setilaiti vimeingia katika maisha ya watu, lakini mlima na wingu havikubadilika.

3.0 Taarifa ya Vita, 1914–1917

Ndege za kwanza kuonekana katika anga ya nchi iliyo leo Tanzania Bara zilikuja na vita. Katika delta ya Rufiji, Waingereza walitumia ndege kuitafuta manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha katika mikono ya mto huo. Tarehe 11 Julai 1915, siku ambayo manowari hiyo iliangamizwa, ndege iliyowabeba Cull na Arnold ilipigwa ikaanguka, huku wakiendelea kutuma maelekezo ya shabaha kwa meli zao walipokuwa wakishuka. Mwezi Januari 1917 ndege nyingine ilianguka katika delta hiyo hiyo. Bridgeman alipoteza maisha, na mwenzake Moon alinusurika akatekwa.

Morogoro yenyewe ilitekwa na majeshi ya Uingereza tarehe 26 Agosti 1916, na vita vikasogea kuizunguka Milima ya Uluguru hadi Kisaki, kusini yake. Kikosi cha 26 cha jeshi la anga la Uingereza, kilichokuwa na watu wengi kutoka Afrika Kusini, kiliruka juu ya reli ya kati na vijiji vilivyo kando yake kikipeleleza na kudondosha mabomu. Ndege zake zilikuwa za mbao na kitambaa, injini zake zilichoshwa na joto, na kuharibika kwake lilikuwa jambo la kawaida.

Taarifa za kipindi hiki zilikuwa fupi, kwa kuwa kamanda alitaka kujua mambo machache tu: ndege imepotea au inaweza kutengenezwa, rubani yu hai au la, na ujumbe ulifika au haukufika. Sababu ya kuanguka ilikuwa na umuhimu pale tu ilipoathiri operesheni iliyofuata. Watu waliokuwa wakiishi chini ya njia za ndege hizo hawakuwa sehemu ya taarifa. Wapagazi waliobeba vipuri na petroli, na wakulima walioona mashine zikianguka katika mashamba yao, waliingia katika maandishi kama idadi au kama mandhari. Mazoea haya ya kuandika yaliendelea baada ya bunduki kunyamaza.

4.0 Taarifa ya Utawala: Majina Yanayobaki na Majina Yanayofifia

Katika miaka ya 1930 usafiri wa anga wa kiraia ulianza kushika mizizi. Kampuni ya Wilson Airways ilianzishwa Nairobi mwaka 1929, na njia ya Imperial Airways kutoka Uingereza hadi Afrika Kusini ilipita Tanganyika kuanzia mwaka 1932. Ndege ndogo zikawa chombo cha maofisa, wawindaji, madaktari na matajiri.

Ajali mbili za kipindi cha ukoloni zinaonesha jinsi kumbukumbu ilivyogawanywa. Tarehe 14 Mei 1931, ndege ndogo aina ya Gipsy Moth ya Denys Finch Hatton ilianguka na kuwaka moto mara baada ya kuruka kutoka Voi, Kenya. Ndani yake walikuwa watu wawili, Finch Hatton na mtumishi wake Mkikuyu aliyeitwa Kamau, na wote wawili walikufa. Kaburi la Finch Hatton katika Vilima vya Ngong limetembelewa na wasomaji na wapenda sinema wa dunia nzima. Kamau alikufa katika ndege hiyo hiyo, dakika hiyo hiyo, lakini simulizi nyingi humtaja kwa pumzi moja tu au hazimtaji kabisa.

Ajali ya pili ilitokea Tanganyika tarehe 10 Januari 1959. Michael Grzimek, mtafiti Mjerumani aliyekuwa akihesabu wanyama wa Serengeti pamoja na baba yake Bernhard, alikufa ndege yake iliyochorwa milia ya pundamilia ilipoanguka baada ya kugongana na tai. Alizikwa kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro. Filamu waliyoitengeneza ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960, na kifo chake kikawa sehemu ya historia ya uhifadhi. Hapa tunaona jambo muhimu kwa mtafiti: sababu ya ajali hiyo inajulikana sana kwa sababu kulikuwa na baba, kitabu na filamu vilivyoibeba. Taarifa ya kiufundi peke yake ingebaki katika jalada. Ajali ya mtu asiye na kitabu wala filamu hutegemea jalada tu.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, usafiri wa anga wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar ulisimamiwa kwa pamoja. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilianza kazi mwaka 1946, na idara ya pamoja ya usafiri wa anga ilishughulikia pia ajali. Utaratibu huo uliendelea chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hadi ilipovunjika mwaka 1977. Mwaka huo Tanzania ikaanzisha shirika lake la ndege na kuchukua jukumu la usimamizi wa anga yake. Kwa hiyo mtafiti wa ajali iliyotokea Morogoro kabla ya mwaka 1977 hana budi kufikiria majalada ya Nairobi, Entebbe na London pamoja na yale ya Dar es Salaam. Mipaka ya utunzaji wa nyaraka haikufuata mipaka ya mkoa wala ya taifa.

5.0 Taarifa ya Kitaalamu: Kiambatisho cha 13 na Kizingiti cha Uzito

Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 uliweka msingi wa usafiri wa anga wa kimataifa, na kifungu chake cha 26 kiliitaka nchi ambamo ajali imetokea ichunguze. Tarehe 11 Aprili 1951 kilipitishwa Kiambatisho cha 13, kinachoeleza utaratibu wa uchunguzi huo. Kanuni yake kuu ni kwamba lengo pekee la uchunguzi ni kuzuia ajali na matukio, wala si kugawa lawama au dhima. Kwa lugha ya wahenga, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mchunguzi ndiye anayeutafuta ufa.

Kanuni hii ina busara kubwa. Fundi au rubani anayejua kuwa maneno yake yatatumika kumfunga atanyamaza, na ukimya wake utawaua wengine. Hata hivyo, kanuni hiyo hiyo huzaa mvutano na umma. Jamii iliyofiwa huuliza ni nani amekosea, na taarifa humjibu kwa kueleza mlolongo wa mambo: hali ya hewa, mafunzo, matengenezo, mawasiliano, maamuzi. Asiyefahamu lengo la hati hiyo huona kuwa serikali inakwepa. Uripoti wa vyombo vya habari unapoichukua sentensi moja ya mlolongo huo na kuifanya hukumu, mvutano huongezeka.

Kiambatisho kinataka taarifa ya awali itolewe ndani ya siku 30, na taarifa ya mwisho itolewe mapema iwezekanavyo, ikiwezekana ndani ya miezi 12. Isipokamilika, nchi inatakiwa kutoa maelezo ya hatua iliyofikiwa kila mwaka wa kumbukumbu ya ajali. Lakini kwa mada yetu, jambo lenye uzito zaidi ni uzito wenyewe. Wajibu wa kutuma taarifa ya awali kwa nchi husika na kwa shirika la kimataifa la usafiri wa anga unahusu hasa ndege zenye uzito wa juu zaidi ya kilo 2,250. Wajibu wa kupeleka nakala ya taarifa ya mwisho kwa shirika hilo unahusu ndege zinazozidi kilo 5,700. Cessna 206, ndege inayofahamika sana katika viwanja vya udongo vya nchi yetu, iko chini ya kizingiti cha kwanza. Cessna Caravan, inayobeba abiria zaidi ya 10, iko chini ya kizingiti cha pili.

Maana yake kihistoria ni kubwa. Ndege kubwa huacha nyayo katika kumbukumbu za dunia hata kama nchi yake ni masikini wa nyaraka. Ndege ndogo hutegemea utashi na uwezo wa nchi yenyewe. Aidha, ndege nyingi ndogo hazibebi vinasa sauti na vinasa data, vile vinavyojulikana kama visanduku vyeusi. Rubani anapokufa na mabaki yanapoungua, anayebaki kuwa kinasa ni mtu aliyekuwa shambani, aliyesikia injini ikibadilika sauti na kuona ndege ikiingia winguni. Ni kwa msingi huo kwamba suala la ushahidi wa mkazi si suala la heshima peke yake. Ni suala la usalama.

6.0 Ndola, 1961: Ushahidi wa Wachoma Mkaa

Tukio linalofunza zaidi kuhusu jambo hili halikutokea Tanzania, wala ndege yake haikuwa ndogo, lakini Mtanzania amelibeba kwa miaka mingi. Usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 Septemba 1961, ndege aina ya DC-6 iliyombeba Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld, ilianguka karibu na Ndola, Rhodesia ya Kaskazini, alipokuwa akienda kuonana na Moïse Tshombe wa Katanga. Watu 16 walikuwamo. Mmoja tu, mlinzi Harold Julien, alipatikana akiwa hai, naye alifariki siku chache baadaye. Mabaki yalikuwa umbali mfupi kutoka uwanjani, lakini yalitangazwa kupatikana baada ya saa zipatazo 15.

Mashahidi walikuwapo. Katika msitu huo walikuwamo wachoma mkaa waliokesha kwenye matanuri yao, na baadhi yao walieleza kuwa waliona mwanga, au waliona ndege nyingine angani. Tume ya utawala wa Rhodesia, iliyohitimisha mwaka 1962 kwamba ajali ilitokana na kosa la rubani, haikuupa ushahidi wao uzito. Tume ya Umoja wa Mataifa ya mwaka huo huo haikuweza kufikia uamuzi wa mwisho na iliacha uwezekano mbalimbali wazi. Miongo mitano ilipita. Mwaka 2011 kitabu cha mwanahistoria Susan Williams kiliamsha upya mjadala, na mwaka 2013 tume ya wanasheria waliojitolea ilipendekeza uchunguzi ufunguliwe tena.

Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa uliunda jopo huru likiongozwa na Mohamed Chande Othman, wakati huo akiwa Jaji Mkuu wa Tanzania. Jopo lilisafiri hadi Zambia na kusikiliza mashahidi waliobaki, kisha likaupima kila ushahidi kwa ngazi za uzito, kuanzia usio na thamani hadi ulio imara, badala ya kuukubali au kuukataa kwa jumla. Othman aliendelea na kazi hiyo kama mteule wa Umoja wa Mataifa kuanzia mwaka 2017, na katika taarifa yake ya mwaka huo alieleza kuwa upo uwezekano wa kuaminika kwamba shambulio au tishio kutoka nje lilichangia kuanguka kwa ndege hiyo. Pia amezitaka mara kwa mara nchi zenye nyaraka za kijasusi zizifungue.

Somo hapa halitegemei nadharia ya shambulio kuwa kweli. Hata kama siku moja itathibitika kuwa rubani alikosea kimo, kosa la mwaka 1962 litabaki pale pale: ushahidi ulipimwa kwa hadhi ya aliyeutoa kabla ya kupimwa kwa maudhui yake. Mchoma mkaa aliyehojiwa mwezi ule wa Septemba angeweza kueleza saa, mwelekeo na sauti akiwa na kumbukumbu mbichi. Aliyehojiwa baada ya miaka 50 alikuwa mzee, na wenzake wengi walikuwa wamefariki. Ushahidi uliopuuzwa hauwezi kurejeshwa ukiwa mzima.

7.0 Bukoba 2022 na Mikumi 2023

Tarehe 6 Novemba 2022 asubuhi, ndege ya abiria aina ya ATR 42 ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilitumbukia katika Ziwa Victoria ilipokuwa ikijaribu kutua Bukoba. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walikufa na 24 waliokolewa. Wavuvi ndio waliofika kwanza kwa mitumbwi yao. Katika saa za mwanzo mamlaka zilitangaza manusura 26, kisha idadi ikasahihishwa ilipofahamika kuwa wawili kati ya waliolazwa hospitalini walikuwa waokoaji waliojeruhiwa, si abiria.

Marekebisho hayo madogo ya takwimu yana maana kubwa. Mwokoaji aliingia katika hesabu kwa makosa, kisha akatolewa kwa usahihi, na katika hesabu ya mwisho hana safu yake. Masimulizi kuhusu nani hasa aliyefungua mlango wa ndege yalitofautiana, baadhi yakimtaja mvuvi na mengine mhudumu wa ndege. Tofauti za aina hiyo ni za kawaida katika ajali, na ndiyo sababu mahojiano ya mapema yanahitajika. La kupongezwa ni kwamba taarifa ya awali ilitoka ndani ya wiki chache, na haikuona haya kusema kuwa uokoaji wa haraka zaidi na wenye vifaa ungeweza kuokoa maisha zaidi. Hapo taarifa ilivuka maelezo ya injini na usukani ikagusa maandalizi ya jamii nzima.

Mwaka mmoja baadaye tukio lilikuja Morogoro. Tarehe 28 Novemba 2023, katika kiwanja cha Kikoboga ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, ndege mbili za kampuni moja, zote aina ya Embraer 120, zilipata ajali siku moja. Ya kwanza, iliyoleta watalii kutoka Zanzibar, ilipata ajali wakati wa kutua. Ya pili ilipata ajali baadaye siku hiyo hiyo wakati wa kuruka kurudi Zanzibar. Hakuna aliyepoteza maisha. Picha za video zilisambaa nchini kabla ya wengi kusoma taarifa yoyote rasmi.

Mikumi inageuza mpangilio wa zamani wa uripoti. Mwaka 1916 aliyeona ndege ikianguka hakuwa na kalamu. Mwaka 2023 aliyeona alikuwa na kamera mfukoni, na dunia ikaona kabla ya mchunguzi hajafika. Lakini video inaonesha namna chombo kilivyoacha njia. Haielezi kwa nini. Jamii iliyotosheka na video huweza kusahau kuidai taarifa ya mwisho, hasa pale ambapo hakuna msiba. Hapa ndipo hatari mpya ilipo. Zamani tulikosa mashahidi katika maandishi, na sasa tunaweza kuwa na mashahidi wengi na maandishi machache.

8.0 Mjadala

Mifano iliyotangulia inatoa mambo matatu ya kujadiliwa. Kwanza, umbo la taarifa hufuata mahitaji ya mwandikaji. Kamanda aliuliza kuhusu ndege, mtawala kuhusu utaratibu, mtaalamu kuhusu usalama wa safari zijazo. Kila umbo liliacha nje jambo ambalo umbo jingine lingelihitaji. Mtafiti asichukulie ukimya wa hati kuwa ni ukimya wa tukio.

Pili, kutogawa lawama si sawa na kutosema. Kuna mwelekeo wa kuchanganya mambo hayo mawili, na wakati mwingine kanuni ya Kiambatisho cha 13 hutajwa kana kwamba inaruhusu siri. Kinyume chake, kiambatisho hicho hicho kinataka taarifa ya mwisho iwekwe hadharani. Kinacholindwa ni baadhi ya kumbukumbu, kama vile sauti za chumba cha marubani na maelezo ya mashahidi, si matokeo ya uchunguzi. Ajali ya helikopta ya tarehe 15 Oktoba 2015 katika Pori la Akiba la Selous, iliyomuua Mbunge wa Ludewa Deo Filikunjombe na wenzake siku 10 kabla ya uchaguzi mkuu, ni mfano wa tukio ambalo mazingira yake ya kisiasa peke yake yanatosha kuzaa maswali. Katika mazingira kama hayo maelezo kamili ni ulinzi kwa familia, kwa kampuni na kwa serikali pia.

Tatu, ipo hoja ya kupinga ambayo haifai kupuuzwa. Wachunguzi wengi duniani husema mashahidi wa kawaida hukosea: husema waliona moto kabla ya mgongano kumbe ulikuwa baada yake, hukadiria vibaya mwendo na kimo, na huathiriwa na wanachosikia kwa majirani. Hoja hii ni ya kweli. Lakini inahusu mashahidi wote, msomi na asiye msomi, mwanajeshi na mkulima. Dawa yake ni kuhoji mapema, mmoja mmoja, kwa lugha anayoimudu shahidi, na kupima maelezo yake kwa ramani na kwa mabaki. Mkulima wa Kinole au Mgeta anayejua wingu hushuka saa ngapi katika bonde lake ana maarifa ambayo kituo cha hali ya hewa kilicho chini mjini huenda hakina.

9.0 Hitimisho na Mapendekezo

Insha hii imeonesha kuwa historia ya taarifa za ajali za ndege katika Afrika Mashariki ni historia ya mipaka inayopanuka polepole: kutoka kuhesabu mashine, hadi kuhesabu abiria wenye majina, hadi kueleza sababu kwa ajili ya usalama wa wote. Mpaka ambao bado haujavukwa ipasavyo ni ule wa mkazi aliyeona na aliyeokoa.

Mapendekezo ni manne. Kwanza, mamlaka zinazohusika ziandae mwongozo mfupi wa Kiswahili kwa watendaji wa vijiji na askari wa hifadhi katika maeneo ya milima kama Uluguru, Udzungwa na Usambara, unaoeleza jinsi ya kulinda mabaki na kuandika saa, mwelekeo, sauti na hali ya wingu kabla kumbukumbu haijachanganyika. Pili, taarifa za mwisho za ajali za ndege ndogo, hata zilizo chini ya kilo 2,250, ziwekwe hadharani na ziwe na muhtasari wa Kiswahili, kwa kuwa jamii haiwezi kujifunza kutokana na hati isiyoweza kuisoma. Tatu, kila taarifa iwe na sehemu inayoeleza uokoaji na walioufanya, ili waokoaji wapate safu yao katika hesabu. Nne, vyuo vikuu, hasa vile vilivyo Morogoro, vishirikiane na hifadhi za nyaraka kukusanya masimulizi ya wazee kuhusu ajali za zamani, kwa kuwa kila mwaka unaopita hupunguza idadi ya walioona.

Wachoma mkaa wa Ndola walisubiri zaidi ya miaka 50 ili maneno yao yapimwe kwa haki. Ndege ikipotea kesho katika mawingu ya Uluguru, wa kwanza kuisikia watakuwa watu wa mlimani, na wachunguzi wanapaswa kuwasikiliza siku hiyo hiyo.